Kabati Lisilo na Msumari: Sehemu ya Tisa

Haikuwa risasi.

Najua mmebishana wiki nzima. Wengine mmesema Idd, mwana wa Bi Alya, ndiye aliyefyatua, wengine mmemshuku jirani, na yuko msomaji mmoja aliyekwisha kumzika Bi Alya kabisa na kuniandikia pole. Rudisheni matanga. Bi Alya yu hai. Alikuwa amekaa kitako juu ya zulia la majlis, sebule ya wageni, miguu imenyooka mbele yake, mkono mmoja kifuani.

"Metrine! N'nani kapiga?"

Metrine, mtumishi wake wa nyumbani, alikuwa amekwisha kupiga magoti kando yake. Alimpapasa mabega, mbavu, mgongo, akitafuta damu. Hakuona tone. Madirisha yalikuwa yamefungwa, mlango umefungwa, kiyoyozi kinanguruma, na kule nje mchana wa Agosti umeukausha mtaa wa Al Warqa, hapa Dubai, wote, hata paka hapiti.

"Hujaumia, Bi Alya. Uko sawa."

"Basi kimelia nini?"

Metrine aliinua macho kuelekea ukutani.

Mlango wa kushoto wa kabati la Kichina ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini. Ufa wenyewe ulikuwa mpana kiasi cha kupitisha sarafu. Ndani yake zilionekana kanzu za marehemu mumewe Bi Alya, nyeupe, zimetundikwa vilevile kama alivyoziacha.

Bi Alya naye akaona. Macho yake alikuwa amefanyiwa upasuaji juzi juzi tu, akatolewa ukungu uliomsumbua miaka na miaka, na kitu cha kwanza cha kumliza kwa macho yake mapya kikawa hicho.

"Limekufa," alisema. "Kabati la Nassor limekufa."

Kwa uliyechelewa kujiunga nasi, kabati hilo si kabati la nguo tu. Mzee Nassor, mumewe Bi Alya, mfanyabiashara wa Al Ras, alilitoa China enzi za ujana wao. Halina majoka wala maua ya kuchonga kama yale ya viti vya sebuleni kwa Idd. Ni la mtindo wa Ming, wa kale na mtulivu: pembe za mviringo, chini pana, juu limejikusanya kidogo, mbao za rangi ya asali zimeachwa zijisemee. Ndani yake hamna msumari hata mmoja. Milango haina bawaba, inazunguka juu ya ncha zake zenyewe za mbao, na kwa kuwa kabati limeegemea ndani kidogo, ukiufungua mlango ukauachia, unarudi polepole na kujifunga wenyewe.

Kila alasiri Bi Alya huufungua mlango ule, huuachia, husikiliza ukijifunga. "Nassor kanifungia," husema, kisha huenda kuswali.

Sasa alikuwa amekaa chini analia, na Metrine alikuwa akimfuta machozi bila kumtazama usoni. Haikuwa huruma peke yake. Alimjua aliyelipasua.

Alikuwa mume wake yeye Metrine.

Ndiyo, mume. Bi Alya anamjua Metrine kuwa ni msichana asiye na mtu. Siku ya kumwajiri alisema wazi kwamba hataki mambo ya wanaume nyumbani kwake. Lakini likizo iliyopita Metrine alikwenda kwao Webuye, akafunga ndoa kanisani na Cyrus, akarudi Dubai, akaivua pete na kuifunga kwenye kona ya leso. Cyrus ni askari wa kulinda jengo moja la Al Mankhool. Kabla ya kuvaa sare alikuwa seremala, fundi wa vitanda na makochi ya kando ya barabara, na begi lake halikosi chupa ya gundi mpaka leo.

Bi Alya alipolazwa kwa ajili ya macho, kiyoyozi kilizimwa, nyumba ikabaki na joto na unyevu, na Cyrus akaja mchana kumjulia mkewe hali. Aliusukuma mlango wa kabati kwa kidole. Ubao wa kati ukagonga ndani ya fremu yake, kotokoto.

"Hii kitu inacheza," alisema, uso umemkunjamana.

"Achana nayo, Cyrus. Si yetu."

"Kwani unaona nikiiba? Huyu fundi alifanya kazi ovyo. Kwetu mteja angeirudisha siku hiyo hiyo. Ni gundi kidogo tu. Hata ile ya kule kwangu niliibana hivi hivi na mwenyewe akashukuru. Madam akirudi atasema Metrine ametunza nyumba."

Metrine alirudi jikoni kupakua ugali. Alipotoka, kazi ilikuwa imekwisha, na mumewe anatabasamu. Alimgombeza, kisha akala naye, kisha akasahau.

Sasa hakuwa na njia ya kusahau. Mwanamume asiyejulikana, ndani ya nyumba ya mjane, mwenyewe hayupo, na mali ya thamani imeharibika. Cyrus angelala mahabusu, na kutoka mahabusu ni uwanja wa ndege, kurudishwa kwao. Metrine aliapa moyoni kwamba jina la Cyrus halitatoka mdomoni mwake, hata akibanwa vipi.

Alibanwa upesi. Gari la Idd liliingia getini kabla Bi Alya hajanywa maji.

Idd ni mtoto wa pekee wa Bi Alya, mtu mzima wa mvi mbili tatu, mwenye haraka na kila kitu. Aliutazama ufa. Metrine alitegemea kelele. Badala yake alimwona anashusha pumzi, kama aliyetuliwa mzigo.

"Khalas, mama," alisema. "Limekwisha. Litolewe, litupwe."

"Litupwe? Kabati la babako?"

"Mbao kuukuu hizi. Nitakununulia jingine kubwa zaidi."

"Sitaki kubwa. Nataka fundi. Pale Al Quoz kuna Mchina anayetengeneza vitu vya kale, Nassor alikuwa akimsifu. Metrine, nipigie."

"Hakuna haja ya fundi!"

Alipaza sauti hata yeye mwenyewe akashtuka. Bi Alya alimgeukia mwanawe taratibu.

"Mbona wanipigia kelele, Idd? Kwani fundi atakula nini?"

Idd alihangaika na shanga za tasbihi mkononi, halafu, kama mtu aliyetafuta pa kutokea akapaona, akamgeukia Metrine.

"Wewe. Mama alipokuwa hospitali, nani aliingia humu?"

"Hakuna mtu, sir."

"Hakuna?"

"Hakuna, sir."

"Sawa. Kamera ya jirani inaangalia geti letu. Nitamwomba picha. Ukinidanganya, wallah, utalala polisi leo."

Metrine alikwenda jikoni kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Alimtumia Cyrus ujumbe: usije huku, usipige simu. Hakujibiwa.

Bi Alya alimpigia fundi mwenyewe, lakini aliyekuja hakuwa Mchina. Alikuwa kijana mnene wa aproni ya turubai, amebeba sanduku la vyombo begani.

"Nimemwita Mchina," Bi Alya alisema mlangoni.

"Mzee yuko likizo kwao, mama. Mimi ni Ashiraf, Mganda, wa Masaka. Nimekaa chini yake nikifokewa kila siku, kwa hiyo hata akiwa mbali namsikia."

Bi Alya alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu mlio ule. Idd hakucheka. Alisimama karibu na kabati akawa kama mlinzi wake.

Ashiraf alitandika shuka sakafuni. Aliushika mlango uliopasuka kwa mikono miwili, akauinua kidogo, akauvuta chini, na ukatoka mzimamzima kwenye matundu yake, bila bisibisi, bila chochote. Akaulaza juu ya shuka kama mgonjwa. Alipitisha ukucha ukingoni, pale ubao unapoingia kwenye mfereji wa fremu. Akanusa kidole.

"Banange, jamani," alisema. "Nani ametia gundi hapa?"

Metrine aliitazama sakafu.

"Gundi ina ubaya gani?" Bi Alya aliuliza.

"Mama, ubao huu wa kati haufungwi. Umeachwa makusudi ucheze ndani ya fremu. Kukiwa na unyevu unavimba, kukiwa na ukavu unanywea. Waliolitengeneza walijua, ndiyo maana wakaupa nafasi, ukaishi mpaka leo. Sasa mtu ameusikia unagonga, akadhani ni ubovu, akaubana pande zote. Ulikuwa umevimba. Mmewasha AC, ubao ukataka kunywea, ukakuta umeshikwa." Aligonganisha viganja. "Ukapasuka."

"Kwa hiyo ni mtu," Idd alisema haraka. "Si bahati mbaya. Kuna mtu kaingia."

"Ssebo, bwana, sikusema ameingia. Nimesema ametia gundi."

Ashiraf aliugeuza mlango upande wa ndani, na hapo Metrine nusura apige yowe. Kwenye pembe ya fremu, ndani ya gundi iliyokauka, palikuwa na alama ya dole gumba. Ilikuwa imekatwa katikati na mstari wa kovu. Msumeno ulimpitia Cyrus pale alipokuwa bado anajifunza kazi. Metrine anaijua alama ile kwa kuishika, hata taa ikizimwa.

Aliinua macho. Ashiraf alikuwa anamtazama.

"Nnyabo, dada," alisema kwa upole, "niletee maji ya moto na kitambaa."

Akamfuata mpaka jikoni, akajifanya anachagua kitambaa.

"Yule fundi unamjua."

"Simjui."

"Umeliangalia lile dole kama mtu aliyeona picha ya nyumbani."

Metrine alishika ukingo wa sinki. "Kaka, nakusihi. Ni mume wangu. Hakuiba kitu. Alitaka kusaidia. Wakimjua, wanampeleka."

Ashiraf alikamua kitambaa kisicho na maji.

"Mumeo ni seremala hasa," alisema. "Wa kubahatisha asingeweza kuubana namna ile, angeacha upande mmoja, na ubao ungepona. Mimi nimeitwa kutengeneza kabati. Kazi yangu inaanza kwa kutoa gundi yote. Nikishaitoa, hakuna dole."

Metrine alitamani kumbusu mikono. Alimpa maji, na kwa mara ya kwanza mchana ule akavuta pumzi mpaka ikafika chini.

Msomaji, usivute pumzi naye. Huko huko kuponea ndiko kulikoleta balaa.

Ashiraf alilainisha gundi kwa kitambaa cha moto, akaifuta kidogo kidogo. Dole la Cyrus lililainika, likawa ute, likaondoka. Na pamoja nalo ikaondoka nta ya miaka iliyokuwa imeganda chini yake. Mti ukatokea safi. Juu ya mti safi kulikuwa na wino mweusi.

Mistari miwili, imechorwa kwa brashi, mmoja juu ya mwingine.

Ashiraf aliacha kufuta. Alinyanyuka bila kusema, akautoa mlango wa kulia, akafuta pembe ile ile. Mstari mmoja. Akaingiza kichwa ndani ya kabati, akafuta nguzo. Mstari mmoja. Nguzo ya pili. Mstari mmoja.

"Mama," alisema, "hili kabati lina mwenzake."

"Mwenzake nani?"

"Makabati ya namna hii yanafanywa mawili mawili, yasimame pamoja, kulia na kushoto. Vipande havina msumari, vinaingiana kwa ndimi na matundu. Visije vikachanganyika, fundi anavitia alama. Mstari mmoja ni kabati la kwanza. Miwili ni la pili. Hili lako ni la kwanza. Lakini mlango huu uliopasuka ni wa lile la pili."

"Nassor alileta moja," Bi Alya alisema.

"Hapana, mama. Walipoyaleta waliyafumua, ndiyo kawaida. Mbao zote zikalala sakafu moja, makuli wakaziunganisha haraka, milango ikapishana. Isingepishana kama hazikulala pamoja. Tazama hata mchoro wa mti. Milango ya kabati moja hupasuliwa gogo moja, mistari inatazamana kama viganja viwili. Hii yako haitazamani."

Bi Alya aliinuka kutoka kwenye kiti. Alikwenda akasimama mbele ya milango miwili iliyolazwa sakafuni, akauangalia huu, akauangalia ule. Uso wake ulibadilika taratibu, na Metrine aliyemzoea kwa furaha na kwa maradhi hakuwahi kuuona uso ule.

"Nilimwambia," alisema. "Siku ile ile lilipoingia humu ndani nilimwambia, Nassor, mbona milango hii si ndugu? Akaniambia ni macho yangu. Kila nikimwambia, ni macho yako, Alya, ni macho yako." Aliigusa mistari ya mbao kwa kidole. "Nimeishi na mume nikaamini macho yangu ndiyo mabovu."

Ashiraf aliisogeza milango miwili karibu karibu.

"Siku ya kuyafungua pale Al Ras alinikataza kwenda bohari. Alisema kuna vumbi." Akageuka. "Idd. La pili liko wapi?"

"Najuaje mimi, mama? Alama za Wachina hizo. Huyu fundi anatunga."

"Mbona umelowa jasho na AC yawaka?"

Simu ya Idd ikalia mlio mfupi mkononi mwake. Aliitazama, na Metrine akaona ahueni ikimrudia usoni, akajua kabla hajaambiwa.

"Achana na mbao, mama. Tazama hapa. Tazama huyu unayemwita mwanangu anafanya nini ukiwa hospitali."

Ilikuwa video ya kamera ya jirani. Bi Alya aliichukua simu ile kwa mikono miwili, akaisogeza karibu. Alionekana Metrine amefungua geti dogo, anachungulia barabara. Alionekana mwanamume mrefu mwenye begi begani anaingia. Geti likafungwa.

"Hakuna mtu, sir," Idd alimwigiza Metrine kwa sauti nyembamba. "Ndivyo alivyoniambia, hapa hapa. Mwizi kamwingiza mwenyewe. Nipe simu niite polisi."

Bi Alya hakumpa simu. Alimtazama Metrine.

"N'nani huyu?"

Ashiraf aliinamisha kichwa juu ya kitambaa chake. Alikuwa amefanya lililo ndani ya uwezo wake.

Metrine aliwahi kupanga uongo wa kila aina kwa ajili ya siku kama hii: fundi wa bomba, mleta gesi, binamu. Wote ulikuwa mdomoni mwake. Lakini alimwona yule mama amesimama na macho yake mapya, mekundu, ametoka sasa hivi kugundua kwamba aliyempenda alimwambia haoni. Akashindwa kumwambia mara nyingine kwamba haoni.

"Ni mume wangu, Bi Alya."

"Mumeo."

"Tulifunga ndoa nilipokwenda nyumbani. Niliogopa kukwambia, ulisema hutaki mambo ya wanaume. Yeye ndiye aliyetia gundi. Ni seremala, alisikia ubao unagonga akadhani ni mbovu, akasema akurekebishie ufurahi." Akapiga magoti mbele yake. "Hakuchukua hata kijiko. Nifukuze mimi leo hii, nitaondoka bila neno. Lakini yeye usimpe polisi. Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Umesikia mwenyewe," Idd alisema. "Yalla, mama, simu."

Bi Alya alikaa. Alicheka kicheko kikavu ambacho hakikumfurahisha mtu.

"Maajabu," alisema. "Kila mtu katika nyumba hii ana ndoa ya kunificha mimi." Akaupigapiga mkono wa kiti kwa kidole. "Metrine. Huyo mumeo ulimpata wapi, na wewe hutoki?"

"Ni askari wa jengo, Al Mankhool. Jengo lile ambako sir Idd alikuwa ananituma."

"Anakutuma Al Mankhool? Kupeleka nini?"

"Vifurushi. Vyakula, udi, dawa. Vya shangazi yake. Sikuwahi kupanda juu, nilikuwa naviacha kwa askari pale chini. Ndiyo tukajuana."

Alisema kwa unyofu, kama mtu anayejitetea. Alikuwa amekwisha maliza ndipo alipouona uso wa Idd, umekuwa wa majivu.

Bi Alya naye aliuona.

"Idd hana shangazi Dubai," alisema.

Ndipo maneno ya Cyrus yalipomrudia Metrine, yale ya siku ya ugali. Hata ile ya kule kwangu niliibana hivi hivi. Kule kwangu. Hakuuliza siku ile kule kwake kuna nini. Sasa alijua: kule kulikuwa na kabati la pili.

"Mama," Idd alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka ikawa ya mtoto. "Nipe simu yangu. Tuzungumze wawili. Tafadhali."

"Ulijua tangu lini?"

"Baba aliniusia. Aliniapisha kitandani. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia macho yangu ni mazima."

Simu ikalia mikononi mwake.

Idd aliruka. Bi Alya alimgeuzia bega, akaisogeza mbali kidogo, akalisoma jina herufi kwa herufi bila miwani. "Mama Mdogo," alisoma, jina la mke mwingine wa baba. Akagusa kioo, na sauti ya mwanamke ikajaa majlis nzima, sauti ya makamo, ya Unguja mjini, tamu, yenye hofu.

"Idd, mwanangu, u wapi? Njoo upesi. Nimerudi kutoka Muscat leo, nimewasha AC, nimekaa nanywa chai yangu, mara paa! Nikadhani bunduki. Kabati la marehemu limepasuka mlango lenyewe kwa lenyewe, hakuna aliyeligusa. Nimepiga kelele, kapanda huyu askari wa chini, huyu Cyrus. Asema zamani alilitia gundi tu, safari hii atalipiga misumari. Kashika nyundo hapa. Nimwache?"

Metrine alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Asipige!" Ashiraf alipaza sauti toka sakafuni. "Mama, mwambie asipige!"

Yule mwanamke aliisikia sauti ngeni. "Idd? Uko na nani?"

Bi Alya aliisogeza simu mdomoni. Machozi yalikuwa yamemkauka.

"Mwambie Cyrus aweke nyundo chini," alisema. "Mlango uliopasuka hapo kwako ni wangu. Na wako ninao mimi, nao umepasuka. Tangu siku ya bohari ya Al Ras tumefungiana milango, mimi nawe, kila mmoja na wa mwenziwe. Usiondoke hapo. Twaja."

Akakata. Hakumrudishia Idd simu. Aliitia mfukoni mwa dira lake, akamwashiria Ashiraf auvingirishe mlango ndani ya shuka.

Idd alikuwa amesimama mbele ya mlango wa nje, funguo za gari zimefinywa kiganjani. "Mama, ukitoka hapa, naita polisi kwa simu ya jirani. Watamkuta Cyrus Al Mankhool na nyundo mkononi. Wallah nitaita."

Bi Alya alimtazama mwanawe, kisha akamtazama Metrine kwa muda mrefu, na Metrine hakuweza kusoma kama katika macho yale kulikuwa na msamaha au la.

"Nenda chumbani kwako," alimwambia, "ukavae pete yako. Kisha uje unishikie mkono, tumpite huyu."